Jiko Lisilo na Ngano: Kumuaga Bi Odete Bertoldo

Ijumaa tarehe 13 Desemba 2019, saa nane mchana, Bi Odete Bertoldo atarudisha ufunguo wa jiko la Shule ya Msingi ya Guaviroba baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu, miezi tisa na siku kumi. Hizo siku kumi amezihesabu mwenyewe. Mimi ningezisamehe, lakini yeye si mtu wa kusamehe makombo.

Mwalimu Mkuu, Bi Ivanir Locatelli, aliniomba niandike nusu ukurasa wa kuwekwa kwenye ratiba ya sherehe. Nilimjibu kwamba nusu ukurasa humtosha mtu anayehamishwa kituo, si huyu. Mimi ni Genésio Amarante, mtunza stoo. Mlango wangu na mlango wa jiko inatazamana, na kwa miaka kumi na tisa nimemwona Bi Odete zaidi kuliko nilivyomwona mke wangu, na nimegombezwa naye zaidi pia. Basi mnivumilie.

Aliingia hapa Jumatatu ya tarehe 3 Machi 1986, akiwa na miaka ishirini na sita, kwa kazi ya kuosha masufuria. Miezi saba baadaye mwoka mikate wa wakati huo aliumia mgongo, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuwasha tanuri lile kongwe, akaambiwa ajaribu kwa juma moja. Juma hilo ndilo linaloisha Ijumaa hii.

Mama yake alikuwa mtu wa kuoka mikate ya ngano kila Jumamosi, ile minene yenye ganda gumu, na Odete alijifunza kukanda kabla hajajifunza kusoma. Mikate yake ya shuleni ilikuwa na sifa mji mzima. Mwaka mmoja meya alikuja kutuzindulia bomba la maji, akahutubia mpaka jua likatuchoma visogo. Bi Odete akatoa trei ya mikate na kuiweka dirishani ipoe. Harufu ilipofika uwanjani, darasa la kwanza liliondoka, la pili likafuata, kisha walimu, na mwisho meya mwenyewe akakunja karatasi zake akaja kuuliza kama kuna siagi. Bomba lilizinduliwa siku nyingine.

Ukimtazama akifanya kazi, mkono wa kulia ulikanda na wa kushoto ulijitegemea. Donge likianza kunata, ule wa kushoto uliingia kwenye mkebe wa unga wa ngano, ukachota kwa vidole vitatu na kunyunyiza mezani, naye macho yako dirishani anamkemea mtoto anayepanda ukuta. Waokaji wote wa huku wana mkono wa namna hiyo. Hawaujui, kama ambavyo mtu hajui anavyopepesa macho.

Sasa niseme kidogo kuhusu soya. Kwetu soya inaanzia kwenye ukuta wa shule na kwenda mpaka macho yanapochoka. Tunaipanda, tunaiombea mvua, tunaipakia kwenye malori, nguruwe wetu wanaila na kunenepa. Sisi hatuili. Kumwekea mtu wa Guaviroba soya kwenye sahani ni kutafuta ugomvi, na mimi nilikuwa wa kwanza katika wagomvi hao.

Februari 2011 aliletwa darasa la kwanza mtoto wa miaka saba, Maiara Kuhn, amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Mama yake, Bi Rosângela, alikuja na barua ya daktari. Tumbo la Maiara halikuweza ngano. Si mkate tu. Hata vumbi la unga lililoanguka kwenye chakula kingine lilitosha kumlaza. Kulikuwa na shule moja tu wilayani yenye jiko la watoto kama yeye, nayo ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa basi. Bi Rosângela alikuwa mjane mwenye kazi ya zamu kwenye machinjio ya kuku. Alitaka mtoto wake asome hapa, karibu na bibi yake.

Uongozi wa wakati ule ukaamua Maiara aje na chakula chake kutoka nyumbani na akilie maktaba, mlango ukifungwa, ili wenzake wasimpe kipande cha mkate kwa huruma. Ulikuwa uamuzi wa busara, na sote tuliupitisha. Siku ya tatu Bi Odete alipita dirishani akamwona anatafuna muhogo wa kuchemsha, amegeuza kiti kuelekea uwanjani wenzake walikokuwa. Alirudi jikoni ameshika kiuno.

"Jiko hili lina watoto mia mbili na kumi na wanne," akaniambia. "Leo nimelisha mia mbili na kumi na watatu. Nani kanifundisha hesabu hiyo, Genésio?"

"Daktari," nikasema.

"Daktari kasema asile ngano. Hakusema asile na watu."

Akaanza kutafuta. Mkate wa unga wa mchele ulivunjika ukawa mchanga. Wa wanga mtupu wa muhogo ulivutika kama mpira na kesho yake ukawa jiwe. Ndipo akachukua soya kavu stooni kwa shemeji yangu, akaisaga hivyo hivyo na kuoka. Huo mkate nilionja mimi, mbele ya watu. Ulinuka majani mabichi yaliyolowa mvua.

"Bi Odete," nikasema, "nguruwe wa shemeji wanakusalimia."

"Waambie wapange foleni, wewe umewatangulia."

Watu wakacheka, nami nikafurahia sana utani wangu. Kufikia Jumapili mji mzima ulikuwa ukisema Odete anaoka chakula cha nguruwe. Neno hilo lilitoka kinywani mwangu, na nitalirudia baadaye kwa sababu lilikuja kunisuta.

Jumamosi iliyofuata alikwenda sokoni kwa Bibi Shizue Morimoto, ambaye kwa miaka hamsini alikuwa akikamua maziwa ya soya, akiyagandisha kuwa vipande vyeupe na kuviuza, huku machicha akiwatupia kuku. Bi Odete akamweleza shida yake. Bibi yule aliendelea kukata vipande vyake.

"Miaka hamsini mnanipita mkiziba pua," akasema, "leo mmekuja kuniuliza?"

"Nimekuja mimi peke yangu, Bibi. Wengine bado wameziba."

"Uliiloweka kwenye maji baridi?"

"Niliisaga kavu."

"Mbaya zaidi! Soya haisagwi mbichi, wala haianzi na maji baridi. Chemsha maji yatokote, halafu itupe humo ikiwa kavu, kwa ghafla. Ishtuke. Ikishtuka inasahau harufu yake. Halafu ichemke, uimenye, uikaushe, uikaange kidogo, ndipo usage. Na machicha haya chukua bure. Kuku wangu wamenona mno, hawatagi."

Mengine aliyagundua mwenyewe, kwa kuharibu. Soya haina ule mvutano wa ngano, basi akaichanganya na wanga wa muhogo ili ivutike, na mayai ili ishikane. Machicha yakaufanya mkate usikauke upesi. Tanuri akalipunguzia moto, kwa sababu soya huwahi kuwa nyekundu usoni huku ndani bado uji. Akawa anaviringa vidonge vya ukubwa wa ngumi. Akanunua chekecheo, bakuli na trei, vyote akavifunga uzi mwekundu, na ole wako uviguse. Mwezi wa Aprili Maiara alitoka maktaba. Alikaa mwisho wa benchi na mkate wake mdogo wa rangi ya asali, na wenzake wakasogea kumtazama anavyokula. Bi Odete alisimama mlangoni kwangu, anajifanya amekuja kuuliza chumvi.

Mazoea yana taabu, wahenga walisema, na wiki ya sikukuu za Juni, tunapokaribisha mji mzima shuleni kwa vyakula vya mahindi, ndiyo iliyotufundisha. Jiko lilifurika keki za mahindi, karanga za sukari na bisi. Wazazi waliingia na kutoka, na kila mmoja alitaka kujua sufuria kubwa liko wapi. Alhamisi hiyo Bi Odete aliviringa vidonge vya Maiara kwenye meza yake ya kila siku, kwa sababu meza ndogo ilikuwa imejaa. Ijumaa Maiara hakuja shule. Alitapika usiku kucha, tumbo likamkaza, akaishiwa maji mwilini, akalazwa hospitali siku tatu.

Jumatatu Bi Rosângela alisimama katikati ya uwanja wa shule na viatu vya kazini.

"Niliwapa mtoto wangu," akapaza sauti, "mkamlisha chakula cha nguruwe!"

Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Sijawahi kuona aibu namna ile. Maneno yangu ya mzaha yalikuwa yamezunguka mji na kurudi yakiwa kwenye mdomo wa mama ambaye mtoto wake ana sindano mkononi.

Kila mtu aliamini ni soya. Hata hospitalini hawakujua la kusema, maana waliambiwa hakula ngano. Ofisi ya elimu ikaleta agizo: soya isitumike tena, na Maiara ahamishiwe ile shule ya mbali. Mama yake alianza kuuliza habari za basi. Mtoto wa miaka saba, saa tatu barabarani kila siku, na mama yuko zamu.

Jumanne, watoto walipokwisha ondoka, nilisikia kimya jikoni nikachungulia. Bi Odete alikuwa amesimama mbele ya meza, macho amefumba, mikono mitupu. Anakanda hewa. Anamimina mayai yasiyokuwepo, anakoroga, anakata donge, anaviringa. Nilidhani amechanganyikiwa, nikataka kumwita Mwalimu Mkuu wa wakati ule. Akaviringa tena, na tena. Kisha mkono wa kushoto ukaondoka peke yake, ukaenda pembeni, ukaingia ndani ya mkebe wa ngano.

Akafumbua macho akautazama mkono wake umo mle.

"Genésio," akasema, "ni mimi."

Sasa naandika jambo ambalo ningeweza kulificha, kwa kuwa tulikuwa wawili tu. Nilifunga mlango nikamwambia anyamaze. Nilimwambia ana miaka ishirini na mitano ya kazi, kwamba watamfukuza kwa aibu, kwamba mtoto ameshapona, kwamba ofisi imeshaamua.

"Soya haina mdomo," nikamwambia. "Ikilaumiwa haitalia."

"Mwenye mdomo ni mtoto," akasema. "Wakiikataza soya, huyu atakula nini? Nani atampikia huko aendako, akirudi saa kumi na njaa yake?"

"Fikiria pensheni yako, mama."

"Nimekwisha kuifikiria. Nimeifikiria tangu uliposimama hapo mlangoni. Sogea nipite."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Huyu alijivua mwenyewe, tena mbele ya mkutano. Siku ya Jumatano wazazi walijaa bwalo la chakula. Bi Odete alisimama bila karatasi, akaeleza meza, donge, mkebe na mkono. Alisema soya haina hatia. Alisema kosa ni lake, na kwamba hakulifanya kwa makusudi, lakini tumbo la mtoto halijui makusudi.

Bi Rosângela alikuwa benchi la mbele.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyempa," akasema polepole. "Kwa mkono wako."

"Mimi."

"Na sasa unataka nikuamini tena."

"La. Mimi mwenyewe siuamini mkono huu, wewe utauaminije? Nataka ngano itoke jikoni. Yote. Unga, tambi, biskuti, kila kitu. Ikiwa haimo, mkono utaichota wapi?"

Zogo likazuka. Baba mmoja akauliza kama sasa watoto wote wamekuwa wagonjwa. Mwalimu Mkuu akagonga meza.

"Odete, watoto mia mbili na kumi na watatu wale soya kwa sababu ya mmoja?"

"Si kwa sababu yake, Mwalimu. Yeye hana kosa. Kwa sababu yangu."

Hapo Bi Rosângela akainuka. Alisema atatoa mwezi mmoja, shule ikifunguliwa baada ya likizo ya Julai. Ila ataomba zamu za usiku, na kila siku ya masomo atakuja kukaa jikoni kwenye kiti, kutwa nzima, kuangalia mikono. Mwalimu Mkuu akasema kosa moja haliachi mke, lakini barua ya onyo aliandika vilevile, na Bi Odete aliipokea kwa mikono miwili. Ofisi ya elimu, ilipopata maelezo yake na barua ya daktari, ikaturuhusu kujaribu.

Likizo hiyo hatukupumzika. Tulitoa meza ya mbao, kwa sababu mbao hunywa unga, tukaleta ya bati. Tulisugua tanuri kwa brashi za meno. Unga wa ngano uliobaki tuliugawa kwa majirani, na machekecheo yote ya zamani yakaenda pamoja nao. Iliwekwa sheria kwamba mkate wa ngano haupiti lango la shule, hata wa mwalimu. Mimi, mpenzi mkubwa wa mkate wa soseji, nilikula wangu nikiwa nimesimama barabarani, kwenye baridi ya kuumiza masikio, na mbwa wa jirani akinihurumia.

Agosti watoto walitangaza vita. Siku ya kwanza vidonge vya soya vilichezewa mpira, na niseme kwa haki kwamba vilidunda vizuri. Siku ya pili walivipanga dirishani wakavipiga kwa manati. Bi Odete hakufoka. Aliacha kabisa kuviringa. Akaongeza maziwa ya soya mpaka donge likawa rojo zito, akawa anamimina kwenye makopo marefu ya kuokea, ili mkono usiwe na cha kunyunyizia. Mkate ukatoka laini zaidi. Wiki ya tatu akapaka jamu ya mapera katikati, na upinzani ukafa. Mtoto mmoja tu, Tarcísio wa darasa la nne, alionekana soya haimfai kwa kweli; akapikiwa keki ya mahindi kwenye sufuria yake mwenyewe, na akatamba nayo mwaka mzima.

Siku zote hizo Bi Rosângela alikuwa kwenye kiti chake pembeni ya friji, mikono kifuani, macho mekundu ya zamu ya usiku. Hawakuzungumza. Bi Odete alimwekea kahawa kila saa tatu, naye aliinywa ikishapoa, ili ionekane hakuitaka.

Siku ambayo sitaisahau ni Alhamisi moja ya mwezi huo huo. Kauã Pilatti, mtundu wa darasa la kwanza, aliona kipande cha Maiara kina jamu nyingi kuliko chake, akakipora. Mwalimu Noeli alipiga ukelele kwa mazoea: "Usiguse chakula cha Maiara!" Bwalo zima likageuka kutazama. Bi Rosângela aliruka kutoka kwenye kiti mpaka mlangoni. Kisha sote, mmoja baada ya mwingine, tukakumbuka kwamba mkate ni ule ule. Hakukuwa na cha kuogopa. Maiara alitutazama, akamtazama Kauã, akanyoosha mkono akapora kile cha Kauã mwenyewe, akakiuma kwa haraka.

"Changu kilikuwa kikubwa zaidi!" Kauã akalalamika.

"Ulitaka mwenyewe, mwizi wee!" akajibu Maiara, mdomo umejaa.

Alikuwa hajawahi kunyang'anyana chakula na mtoto mwenziwe tangu azaliwe. Mama yake alirudi kwenye kiti akalia, na Bi Odete akaendelea kuosha makopo, maana angegeuka wangelia wawili. Mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa. Kesho yake kiti kilikuwa kitupu, na kikombe cha kahawa tulikikuta kimeoshwa.

Maiara alimaliza hapa darasa la tano. Sasa ana miaka kumi na mitano, yuko sekondari mjini, na Ijumaa atakuwepo pamoja na mama yake. Alipoondoka, wengi tulimwambia Bi Odete kwamba sasa ngano inaweza kurudi. Kwa mwaka mzima hatukuwa na mtoto hata mmoja wa hali ile.

"Atakuja," alisema, akaendelea kuchemsha maji.

Walikuja wawili. Wako hapa sasa, darasa la pili na la tatu, na hawajui kwamba kuna shule ambako wangekula chakula wakiwa maktaba.

Wapishi wa majiko kumi na moja ya wilaya wamefundishwa na yeye. Huanza nao si kwa kupima unga bali kwa kuwaambia wafumbe macho na kukanda hewa, ili kila mmoja aone mkono wake unakokwenda. Wanacheka mwanzoni. Alipewa cheti, akakibandika ndani ya mlango wa kabati la soya, mahali anapokiona yeye tu. Bibi Shizue, kabla hajafariki, alikuja mara moja kuonja mkate, akasema umepungukiwa chumvi, na Bi Odete anasema hiyo ndiyo sifa kubwa aliyowahi kupewa.

Mimi nilimwomba radhi kwa lile neno la nguruwe mwaka ule ule. Alisema amesahau. Najua hakusahau, kwa sababu kila Krismasi ananitumia salamu kutoka kwa nguruwe wa shemeji.

Sasa lililobaki nimelijua mwezi uliopita tu. Tulikuwa tunapanga sherehe nikamuuliza mumewe, Bwana Valdir, mama anapenda zawadi gani. Valdir ni mtu wa maneno machache. Alitazama kofia yake, akaniambia:

"Mkate wa ngano."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Tangu Juni ile hajaula," akasema. "Wala haumo nyumbani. Anasema unga unakaa kwenye kucha, unakaa kwenye nywele, anaweza kuuleta kazini bila kujua. Hata harusi ya binti yetu, keki aliitazama tu. Wageni walidhani ana sukari."

"Miaka minane?"

"Na nusu. Na unajua mama yake alivyomlea kwa mkate ule. Jumapili akipita mbele ya duka la mikate anavuka barabara."

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Miaka yote hiyo nilikuwa nikienda nje ya lango na mkate wangu wa soseji, nikirudi nikilalamika baridi, na yeye ananisikiliza. Hakuwahi kuniambia. Hakumwambia Mwalimu Mkuu, wala Bi Rosângela, wala wale wapishi wa majiko kumi na moja. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo, na hakuna ambaye angejua kama angevunja. Nimeandika nyaraka nyingi katika stoo hii, lakini sijui nitaandika wapi mkate ambao mtu hakuula.

Kwa hiyo ratiba ya Ijumaa imebadilishwa, naye ataisoma hapa kwa mara ya kwanza. Hotuba ni mbili tu, fupi. Keki ya sherehe ni ya soya na karoti, kwa kuwa watoto watakuwepo. Saa nane atatia saini, atatoa ufunguo. Hakutakuwa na muziki wala msafara wa kumsindikiza, tafadhalini sana. Bwana Valdir amekuwa akijifunza kuoka kwa dada yake kwa majuma matatu. Ameunguza miwili, wa tatu ulikuwa mbichi, wa nne dada mtu amesema unalika. Wa tano utatoka tanurini Ijumaa saa nane na nusu, nyumbani kwao, ganda gumu, wa ngano tupu.

Bi Odete, Shangazi wa watoto wetu wote: kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, wazazi, na watoto waliokula bila kujua ulichokuwa ukiwalinda nacho, asante. Hapa hudaiwi tena chochote, na mikono yako sasa ni yako. Tunakutakia afya, siagi ya kutosha, na miaka mingi ya kukaa mezani bila wasiwasi. Nenda nyumbani ukale mkate wako ungali moto.